Maji Yalitoka Wapi

"Hapa ndipo ilipokuwa imekaa," mhandisi wa wilaya alisema, akanyoosha kidole taratibu kama mtu anayeonyesha kaburi la mzazi wake. "Wameing'oa yote. Hawakuacha hata nati."

Bi Tochi alipiga magoti sakafuni na sketi yake ya kazini, akawasha tochi mchana kweupe. Tochi ndiyo iliyompa jina. Madereva wa Ofisi ya Uangalizi wa Bajeti walikuwa wakitaniana kwamba mama huyu akialikwa harusini humulika sahani kabla ya kula. Jina lililo kwenye kitambulisho chake walikwisha kulisahau, naye hakujisumbua kuwakumbusha.

Chumba cha pampu kilikuwa kidogo, cha matofali, chenye mlango mmoja wa chuma na tundu la hewa karibu na paa. Katikati palikuwa na kitako cha zege, na juu yake zimesimama bolti nne, nene kama vidole gumba vya mkulima. Hapo, kwa maneno ya mhandisi, ndipo ilipofungwa pampu ya kupandisha maji ya kisima hadi kwenye tangi la kilimani, ili yateremke yenyewe kwa mabomba mpaka mjini. Pampu ya mkopo. Mkopo huo watu wa mji ule wataulipa wao na wajukuu wao, wawe wamekunywa au hawakunywa.

"Waliingilia wapi?" Bi Tochi aliuliza, macho yakiwa kwenye bolti.

"Mlangoni. Si unaona komeo lilivyopindwa?"

"Na mlinzi?"

"Alilala. Amekiri mwenyewe polisi. Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani." Mhandisi alitikisa kichwa. "Mimi namhurumia, mzee wa watu. Lakini mali ya umma ni mali ya umma."

Wakubwa hulipenda sana hilo neno umma. Hulitamka kwa ulaini, kama mtu anayemwita kuku wa kuchinja.

Bi Tochi alisogeza mwanga karibu. Kwenye meno ya bolti ya kwanza palikuwa na matone ya saruji. Alikwaruza kwa ukucha, ukucha ukakwama. Saruji ilikuwa imekauka zamani, tangu siku zege lilipomwagwa. Akahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa hivyo. Nati haiwezi kupita juu ya meno yaliyojaa saruji, kama vile pete haipiti kwenye kidole chenye jipu. Akamulika ndani ya mdomo wa bomba lililotokeza sakafuni. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga humo, nyumba juu ya nyumba, nyingine kuukuu zilizokwisha kutoboka, watoto wametoka na kwenda zao. Alisimama akakung'uta magoti. Ukutani nyaya nzuri za shaba zilikuwa zikining'inia, wezi hawakuzigusa.

Alizima tochi, aliyoyaona akabaki nayo. Mkaguzi mwenye haraka ya kusema huambiwa uongo wa pili kabla hajaumaliza ule wa kwanza.

Nje, nyuma ya chumba, bomba kubwa lilianza safari yake ya kupanda kilima. Ubavuni mwake palichomelewa mdomo wa shaba wenye masikio mawili.

"Na huu mdomo ni wa..."

"Wa kutolea hewa," mhandisi alijibu kabla swali halijafika mwisho. Kisha akatabasamu, akaweka mikono mfukoni. "Mama, najua unachofikiri. Nyinyi wa makao makuu mkija huku mnaona wizi kila mahali. Lakini siku ya uzinduzi Mheshimiwa mwenyewe alifungua koki pale sokoni, maji yakaruka, akanawa uso mpaka tai ikalowa. Mji mzima uliona. Sasa niambie, maji hupanda kilima kwa maombi?"

Hapo alimbana. Bi Tochi alitazama juu kwenye tangi, akatazama chini mjini. Kama pampu haikuwahi kukaa kwenye zile bolti, maji yalitoka wapi?

*

Hii ilikuwa pampu ya tatu kuibwa, katika wilaya tatu, ndani ya mwaka mmoja wa bajeti. Wezi wa nyaya Bi Tochi anawajua. Wezi wa vifuniko vya mitaro anawajua. Ila wezi wanaochagua pampu tu na kuacha shaba ukutani, hao hakuwahi kukutana nao, na alitamani sana kukutana nao.

Sheria ya Uwajibikaji wa Fedha ilikuwa nene, lakini ukiivua koti la maneno makubwa inabaki hivi. Mradi ambao haujakamilika hauongezewi hata senti mpaka Ofisi ya Uangalizi ije iukague kwa macho. Ofisi hiyo haiamriwi na waziri, ndiyo maana mawaziri hawaipendi. Lakini waliotunga sheria waliacha mlango wa uani. Mradi uliokamilika, ukazinduliwa, kisha ukaibiwa, hulipiwa upya kutoka fungu la dharura, haraka na bila mkaguzi, maana nani atawaacha wananchi na kiu? Wakubwa wana huruma ya ajabu, ila hupitia fungu la dharura tu.

Kituo cha polisi kilikuwa na benchi moja la wageni, na juu yake alikaa mke wa mlinzi na chombo cha chakula kilichofungwa kwa kitambaa. Alipomwona Bi Tochi alisimama.

"Dada, ni wewe uliyetoka makao makuu? Wamemwambia akikubali kosa atapunguziwa miaka. Na kile kichwa chake kigumu kinataka kukubali!"

Mlinzi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, mzee mwembamba mwenye koti la kazi lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mkewe aliruhusiwa kusimama mlangoni.

"Mzee, nimekuja kukuuliza, si kukuhukumu," Bi Tochi alisema.

"Uliza, mama. Lakini kosa ni langu. Nililala."

"Sana?"

"Kidogo. Usingizi wa mlinzi unaujua, jicho moja."

"Jicho moja!" mkewe alidakia. "Nyumbani ukilala hata paa likiezuliwa husikii!"

"Nyumbani nalala, mke wangu. Kazini nasinzia."

Bi Tochi alizuia kucheka. "Pampu yenyewe, mzee, uliwahi kuiona kwa macho?"

Mlinzi alimwangalia mkewe, kisha mkaguzi, kama anayechungua kama pana mtego. "Mimi ni wa nje. Ndani si kazi yangu. Ufunguo anakaa nao mhandisi."

"Hata kuchungulia siku moja?"

"Mlinzi anayechungulia anachokilinda, huyo ndiye mwizi."

Alilisema hilo akiwa amenyooka, na kwa dakika hiyo hakufanana na mahabusu.

"Na siku ya sherehe? Uliisikia ikifanya kazi?"

"Niliisikia!" Uso wake ulichangamka. "Nilikuwa getini nazuia watu. Iliunguruma kama lori. Chombo kile kilikuwa na nguvu, mama, ardhi yenyewe ilitetemeka. Ndiyo maana roho inaniuma. Kitu kizuri kama kile, kimepotea mikononi mwangu."

"Mngurumo ulitoka ndani ya chumba?"

"Ulitoka huko huko. Nyuma nyuma, mimi geti langu liko mbele."

Mkuu wa kituo alimsindikiza Bi Tochi mpaka mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la mtu anayesubiri kustaafu kwa amani.

"Mimi sina neno naye," alisema. "Mhandisi amemshtaki kwa wizi, mlinzi amekiri kulala, pampu haipo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Wewe pampu uliiona?"

"Niliona maji."

"Sikuuliza maji, afande."

"Mama, maji hayatoki bila pampu." Akafikiri. "Au hutoka?"

*

Mngurumo kama lori. Bi Tochi alilitafuna neno hilo njia nzima kuelekea sokoni. Kama mzee alisikia lori basi pengine lilikuwa lori kweli. Lori la maji lenye mashine yake ya kusukumia. Na katika mji ule aliyekuwa na lori la maji ni mmoja tu, na kila mtu alimwita Kiu, kwa sababu bei yake ilipanda kadiri watu walivyozidi kukauka.

Alimkuta amekaa kwenye tairi kuukuu, mbele ya kibanda kilichoungua. Kuta zilikuwa nyeusi, paa halipo, na katikati ya majivu zilibaki spiringi za magodoro, zimejikunja kama matumbo. Mwenye kibanda, fundi magodoro, alikuwa akichambua zile ambazo bado zingefaa.

"Lori langu?" Kiu alicheka mpaka akakohoa. "Mama, tazama ile njia ya kisimani. Lori langu bovu likiingia pale na maji, mtanizika nalo. Na mimi niwape serikali maji? Mpaka leo wananidai kodi na mimi nawadai maji ya mwaka juzi. Hatusalimiani."

"Siku ya uzinduzi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Si ndiyo siku huyu mwenzangu alipoungua? Maji yangu yote yaliishia kwenye magodoro yake. Bure!"

"Bure!" fundi magodoro aliinua kichwa. "Kila siku ananikumbusha. Bwana, ungeyauza basi, ningeungua nikiwa sina deni la fadhila."

"Moto ulianza wakati gani wa sherehe?" Bi Tochi aliuliza.

"Mheshimiwa alikuwa ameshanawa uso wake," fundi alisema. "Watu bado wanapiga makofi. Cheche moja tu, mama, sufi inashika kama petroli. Nikasema Mungu mkubwa, leo leo gari la zimamoto liko karibu, nimeliona kwa macho yangu asubuhi limepita na ving'ora kwenda upande wa kisima kwa ajili ya sherehe. Likaja kweli, na haraka. Wakaruka chini na makofia yao, wakafungua mpira." Alitema mate pembeni. "Upepo! Mpira ulikohoa mara mbili, ukanyamaza. Walikuja wakavu."

"Kama kawaida yao," Kiu alisema.

"Kama kawaida yao! Kazi yao kuja kupiga ripoti ya majivu. Tukawatupia mawe."

Wote wawili walicheka kicheko kile cha watu waliokwisha kuzoea. Bi Tochi hakucheka. Gari lililokwenda upande wa kisima asubuhi, kisha likafika kwenye moto bila hata tone. Huo mzaha wa zimamoto kuja bila maji kila mji unao, na mzaha ukizoeleka watu hawaulizi tena.

"Kituo cha zimamoto kiko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya shule," Kiu alisema. "Ukiona gari linaloshwa kwa maji ambayo huwa hawana, ndipo hapo."

*

Kamanda wa zimamoto alikuwa semina. Wakubwa huwa semina kila wanapotafutwa. Kituoni alikuwepo dereva peke yake, mtu wa miraba minne aliyeitwa King'ora kwa sababu hakujua kusema taratibu. Alikuwa akipangusa kioo cha gari lile jekundu kwa kitambaa, akizunguka alama za mawe zilizobonyea kwenye mlango.

"Umekuja kwa la nani?" aliuliza. "Kama ni la posho zetu, ingia. Kama ni lawama, foleni imeanzia sokoni."

"Ni la fundi magodoro."

King'ora aliacha kupangusa.

"Nasikia mlifika haraka," Bi Tochi alisema. "Na mkavu."

"Nani kasema?"

"Mji mzima. Wanasema gari hili halijawahi kuwa na maji. Wanasema mnajaza mafuta na kuyauza, maji mnaacha kabisa."

"Mimi?" Sauti iligonga bati la paa ikarudi. "Mimi, mama? Nina miaka mingi na gari hili kuliko na mke wangu! Nalijaza mwenyewe kila alfajiri, kabla ya chai, kamanda awepo asiwepo! Waulize waliounguliwa jiko mtaa wa juu. Waulize wenye ghala! Nenda, waulize! Gari hili halijawahi kufika kwenye moto bila maji isipokuwa siku ile moja tu!"

Maneno yalikwisha kutoka. King'ora aliyasikia mwenyewe, na kitambaa kikasimama hewani.

Bi Tochi alisogea karibu. "Siku ile asubuhi hukulijaza?"

"Nililijaza."

"Basi maji yalikwenda wapi?"

King'ora alirudi kwenye kioo, akapangusa mahali palipokwisha kuwa safi. Bi Tochi alizunguka nyuma ya gari. Mipira ilikuwa imekunjwa vizuri kwenye rafu yake, na kila mpira mwishoni ulikuwa na kiungio cha shaba. Kila kiungio kilikuwa na masikio mawili.

"Mdomo kama huu nimeuona leo," alisema. "Umechomelewa kwenye bomba la tangi, nyuma ya chumba cha pampu. Mhandisi ananiambia ni wa kutolea hewa."

"Hewa!" King'ora alicheka kwa uchungu. "Hewa kweli."

"Kaka, mimi sikuja kukukamata wewe. Kuna mzee anapelekwa mahakamani kesho kwa kuiba pampu. Atakubali kosa. Akikubali, mimi na wewe hatuna la kufanya tena."

Dereva alikaa kwenye ngazi ya gari, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Tuliambiwa pampu imechelewa njiani, itafika wiki ijayo, tusimwaibishe Mheshimiwa. Ni kusaidiana tu. Mhandisi alikwisha kuutayarisha ule mdomo. Nikaunga mpira, nikasukuma mpaka tangini, mara moja, nikaenda kujaza kisimani kwa wamisionari, nikarudi, nikasukuma tena. Nilikuwa nimemaliza ya pili, sijarudi kujaza, simu ikalia kwamba fundi anaungua." Akajipangusa uso kwa kitambaa kile kile cha gari. "Nilijua njia nzima kwamba nakwenda mtupu. Nilipiga king'ora kwa nguvu, kana kwamba kitasaidia."

"Na pampu ilifika wiki iliyofuata?"

"Sikuuliza. Niliposikia imeibwa nikajua haikuja."

"Utayasema haya mbele ya mkuu wa kituo?"

"Nitasema." Aliinuka. "Lakini andika, mama, kwamba asubuhi gari lilikuwa limejaa. Andika hilo kwanza, kabla ya yote."

*

Bi Tochi alipiga simu makao makuu kutoka kituo cha polisi, ikapokelewa na mkuu wa Ofisi ya Uangalizi mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mahesabu, na mahesabu yake yalikuwa sahihi.

"Kazi nzuri," alisema. "Sasa nyamaza. Hundi ya dharura inatoka Ijumaa. Wakishaipokea, tunamkamata aliyeomba, aliyeidhinisha na aliyelipa, wilaya zote tatu. Ukifungua mdomo leo wataiondoa barua yao ya kuomba fedha za dharura, watasema pampu ilichelewa, na tutabaki na mhandisi peke yake mkononi."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi atakata rufaa."

"Mkuu, rufaa hukata mtu anayejua hana kosa. Huyu anaamini ameibiwa kweli. Kesho asubuhi atasimama aseme ndiyo."

"Sisi tunalinda bajeti, mama. Watu wana mahakama zao."

Bi Tochi alitazama nje. Mke wa mlinzi alikuwa bado yuko kwenye benchi, chakula hakijafunguliwa.

"Nimekusikia, mkuu," alisema. Kila aliyewahi kuajiriwa anajua kwamba maneno hayo hayana maana ya nitafanya.

*

Alimwomba mkuu wa kituo kitu kimoja tu, asimame kwenye koki ya sokoni, ile ile ya Mheshimiwa, aifungue na kusubiri. Hakumweleza kwa nini. Mkuu wa kituo alilalamika kidogo, akaenda, na kwa kuwa alikuwa na kofia na askari wawili, watu wakaanza kukusanyika kuona nani anakamatwa.

Kisimani King'ora alirudisha gari kinyumenyume mpaka nyuma ya chumba cha pampu. Akavuta mpira, akauweka kwenye mdomo wa kutolea hewa, akauzungusha. Masikio yalikamata masikio, taf! Vitu vilivyozaliwa pamoja huwa havisumbui kukutana.

"Nusu tu, mama," alisema. "Nusu inabaki garini. Sitatukanwa mara ya pili."

"Nusu inatosha."

Mashine iliunguruma. Iliunguruma kama lori, kwa sababu ilikuwa lori, na ardhi ikatetemeka kama mzee alivyosema. Bomba liliguna, likatoa jasho kwenye viungio vyake, maji yakapanda kilima. Bi Tochi aliweka kiganja juu ya chuma akausikia ubaridi ukipita. Alikuwa na miaka mingi katika kazi hii ya kufuata fedha, na fedha siku zote hupita bila sauti. Leo alikuwa amezisikia zikipita mkononi.

Bi Tochi alitangulia kufika sokoni, akakuta vurugu la ndoo. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama palepale, viatu vimelowa, mkono mmoja bado uko chini ya koki kana kwamba akiuondoa maji yatamkana.

"Pampu imepatikana?" aliuliza.

"Ile pale," Bi Tochi alisema, akamwonyesha gari jekundu lililokuwa likiingia uwanjani, mpira wake ukiburuzika na kudondosha maji.

Mkuu wa kituo alitazama gari. Akatazama maji. Akalitazama tena gari, na kwenye uso wake mpole ikapita siku nzima ya uzinduzi, makofi, hotuba na tai iliyolowa.

"Mimi nilipiga makofi," alisema taratibu. "Nilikuwa mstari wa mbele."

"Mji mzima ulipiga, afande. Zile bolti twende ukazione kwa macho yako. Halafu uniambie kama unaweza kumpeleka mtu mahakamani kwa kuiba kisichowahi kufika."

Alikwenda. Alipiga magoti na gwanda lake, akakwaruza saruji kwa kisu cha mfukoni, akainuka, akakifunga kisu. King'ora alitoa maelezo yake kituoni kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, na la kwanza aliloandikisha lilikuwa kwamba asubuhi gari lilikuwa limejaa. Bi Tochi naye aliweka zuio la Ofisi ya Uangalizi juu ya ile hundi ya Ijumaa. Simu yake ilikuwa ikilia mkobani. Aliiacha ilie.

Jua lilikuwa bado juu walipomfungulia mlinzi. Alielezwa mara mbili. Mara ya kwanza alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni. Mara ya pili alikaa chini.

"Haikuwepo," alisema.

"Haikuwepo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mkewe alimshika bega. Hakumtania safari hii.

Mkuu wa kituo alifungua mlango wa uani. "Mzee wangu, pitia huku. Huku mbele watu wametufuata kutoka sokoni na ndoo zao, watakusumbua bure."

Mlinzi aliinuka, akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Nililetwa mikono nyuma, nikapitishwa katikati ya soko, watoto wananizomea mwizi," alisema. "Nitatokea mbele."

Nje gari la wilaya lilikuwa limesimama na mlango wazi. Mhandisi alikuwa ameshuka nusu, mguu mmoja ndani, mmoja chini, akihema. Mtu alikuwa amempigia simu kwamba sokoni maji yanatoka. Alipomwona Bi Tochi alianza kusema jambo, na alipoona nani anayetoka nyuma yake, akaliacha.

Mlinzi alishuka ngazi, akawapita askari, akawapita wenye ndoo, akaenda kusimama mbele yake. Hakupaza sauti. Watu waliokuwa nyuma walilazimika kunyamaza ili wasikie.

"Mheshimiwa mhandisi, nimekesha kwenye ule mlango, mvua yangu, baridi yangu. Niliposinzia kidogo nimejilaumu mpaka nikakubali kufungwa. Sasa niambie hapa, mbele ya mke wangu na hawa watu. Nilikuwa nalinda nini?"

Mhandisi alimtazama mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo akatazama viatu vyake vilivyolowa.

"Mjibu," mke wa mlinzi alisema.

Watu wakatua ndoo zao chini, mmoja baada ya mwingine, wakasubiri.